Alizeti za Makopo

Mama yangu hakunikataza kuolewa Timau, kule mlimani. Alisema tu kwamba mahali ambapo watu wanavaa koti mchana si mahali pa kuzalia watoto. Nilibishana naye, maana ukaidi niliurithi kwake.

Siku ya kuondoka kwetu Gachoka, huko Mbeere, alinifungia mbegu za alizeti katika kona ya leso yake. "Zipande kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu, kama tunavyopanda hapa," aliniambia. "Usije ukageuzwa na watu wa huko. Zikichanua, nitakuja kuona unakoishi. Zisipochanua, nitajua hata wewe huwezi kumea huko."

Anayecheka na acheke. Kwetu Mbeere mvua ni mgeni wa haraka. Mbegu ikichelewa kuingia ardhini, imekosa.

Nilimpenda Mukiri, dereva wa trekta katika shamba la ngano, mtu wa maneno machache mpaka unatamani kumtikisa. Lakini nilimtaka na mama yangu pia. Nikapanda kando ya jikoni, vumbi likinijaa puani, huku jirani yetu Makandi akinitazama juu ya ua kana kwamba nazika pesa.

Mvua ya Timau ilikuja na baridi yake. Udongo ukapoa kama uji wa jana, na mbegu nyingi zikaoza. Zile zilizochomoza zikapigwa na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikazibabua majani. Zikabaki chache tu. Nililia jikoni, nikamlaumu Mukiri kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta mlima huu hapa.

Kesho yake jioni alirudi na gunia la makopo matupu ya mafuta ya kupikia, aliyoyaomba kwenye hoteli za sokoni. Akafunika kila mche. Asubuhi, kabla ya kwenda kwa trekta yake, akafunua. Akawa anafanya hivyo kila siku, hata Jumapili akiwa na suti ya kanisa.

"Peninah, kwani siku hizi mnafuga makopo?" Makandi aliniuliza.

"Ndiyo, na yakianza kutaga nitakuletea mayai," nilimjibu.

Miche ilipoyashinda makopo kwa urefu, Mukiri akaanza kuifunika kwa magunia. Gachoka zingekuwa zimeshavunwa. Hapa zilijikokota tu. Kisha asubuhi moja ua la kwanza likafunguka, pana kama sinia, nami nikatuma habari nyumbani.

Mama alikuja amevaa sweta mbili, amebeba mfuko wa ndengu asije akafa njaa ugenini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana, kwa heshima. Basi Mukiri alipomwona langoni alijificha nyuma ya ghala. Ghala lenyewe limeinuliwa juu ya nguzo. Viatu vyake vya kazi vilionekana chini, wazi kabisa, na Mama akajifanya hajaviona.

Alizunguka maua polepole. "Ni hizi tu?"

"Nyingi zilioza, Mama. Nilipanda kabla ya mvua, kama ulivyosema."

Akaokota kopo moja kwenye rundo kando ya ukuta. "Na haya?"

Nikamweleza. Kila jioni, kila asubuhi. Aliligeuzageuza kopo mikononi, nami nikajua akiondoka bila kuridhika hatarudi tena.

Kisha akaligeukia ua refu kuliko yote, akapaza sauti yake ya kuitia mbuzi. "Wewe alizeti! Mwambie anayekufunika kwamba kazi yake nimeiona. Mwambie mtoto wangu yuko kwao."

Viatu chini ya ghala vikasogea. "Alizeti," Mukiri alijibu, "mwambie Mama asante."

Nilisimama katikati yao nikicheka na kulia, mimi niliyezipanda, na hakuna hata mmoja aliyenisemesha. Nilimpenda yule mwanamume wakati huo hadi kifua kikaniuma.

Mama alijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Tena, alizeti," akaendelea, "mwambie huyu msichana msimu ujao asubiri mvua. Mkaidi sana! Nani alimwambia apande udongo ukiwa mkavu? Kwani hajui hapa si Gachoka?"