Alama Juu ya Herufi

Siku ile dada mtu hakuwa na moyo wa kufungua duka lake la kuchapa, lakini fundi wa kibao cha kaburi alitaka jina limfikie likiwa limechapwa kwa maandishi makubwa. Homa ilikuwa imemchukua binti pekee wa mdogo wake, mtoto wa darasa la kwanza.

Mdogo wake aliketi kwenye stuli ya wateja, macho makavu.

Jina la marehemu halikuwa la kwao. Baba yake, mgeni aliyerudi kazini ng'ambo, alimpa jina la mama yake mzazi, na ndani yake mlikuwa na e yenye mkato mdogo kichwani. Alipopigiwa simu ya msiba alilia hadi sauti ikamkauka. "Shemeji, sitawahi mazishi," alisema. "Basi jina lake msilikosee."

Vidole vya dada mtu vilikuwa na mazoea na kibodi kama ulimi na meno, ila leo vilikwama. Aliandika e, akaweka alama ya mkato. Herufi na alama zikakaa mbalimbali kama wagomvi. Akafuta. Mwisho akakandamiza kitufe cha Alt, na upande wa namba akabonyeza sifuri, mbili, tatu, tatu. Akaachia. Herufi ikatokea na alama yake.

Mdogo wake akasogea, akagusa kioo cha kompyuta.

"Ndiye," alisema. "Kule hospitali waliandika bila alama, dada. Nikajiambia wamekosea mtoto. Tangu jana najiambia hivyo." Akaliziba jina kwa kiganja. "Futa."

"Mdogo wangu..."

"Futa, nakuomba!"

Dada mtu alipeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta, lakini kidole kikagoma. Akamkumbatia, na kilio kilichokuwa kimegoma kutoka kikatoka chote. Mteja aliyekuja kutoa kopi alichungulia, akaelewa bila kuambiwa, akaurudisha mlango taratibu.

Walipotulia, mdogo mtu akajifuta uso kwa kiganja. "Nionyeshe pa kubonyeza. Nitachapa mwenyewe."

Akabonyeza. Mashine ikakoroma, karatasi ikatoka na joto lake. Mama wa mtoto akaiweka shavuni, akafumba macho, wala dada yake hakumharakisha. Karatasi ikakaa pale mpaka ikapoa.

Kisha wakafunga duka, wakashikana mikono kuelekea kwa fundi.