Funda la Babu

Babu yetu, Mzee Mwanjala, alikuwa na funda la pombe mdomoni na hakuwa akilitoa.

Tulisimama uani asubuhi mapema, ukungu bado haujapanda, tukiyaangalia mashavu yake yaliyotuna. Mama alikuwa ameshika mikono kifuani kama yuko kanisani. Ndugu yangu Danson, ndani ya shati jeupe la pekee alilokuwa nalo, alikuwa amefumba macho. Mimi, Peris, sikuyafumba. Nilitaka kuona kama mzee atatema au atameza.

Kwetu sisi Wadawida jambo hilo linaitwa kutasa. Mzee mwenye hasira nawe anachukua funda la maji au la pombe ya miwa, anakupulizia, na hasira inatoka pamoja nalo. Akilitema, moyo wake umekuwa mweupe. Akilimeza, amebaki nayo. Na hasira ya mzee haihitaji kutumwa. Inakaa tu mle ndani, halafu yenyewe inamtafuta mtu wake, hata kama mzee mwenyewe amelala usingizi mzuri na hana habari.

Waliosoma hucheka wakisikia hivyo. Danson alikuwa amecheka kuliko wote, na ndiyo maana tulikuwa hapo.

Mwaka uliotangulia, hamsini na sita, akiwa darasa la nane, mwalimu aliwapa insha juu ya giza la wazee wetu. Danson akamwandika babu: anavyotema pombe kama mtoto, anavyokwenda kwenye pango la mafuvu kuzungumza na waliokufa, asivyojua hata leo ni tarehe gani. Ilikuwa insha ya Kiingereza, na ilipata zawadi. Kila jioni alikuwa akiikariri nyumbani huku mimi nikimenya viazi, hata nami nikaijua sauti yake yote, inapopanda na inaposhuka, bila kujua maana. Siku ya wazazi akaisoma mbele ya watu. Mwalimu alikuwa akiifasiri kwa Kidawida, kipande kwa kipande, ili hata anayetukanwa apate faida. Babu alikuwa benchi la mbele, amevaa koti. Wenzake walipopiga makofi, naye alipiga.

Hakusema neno siku hiyo wala baadaye. Angegomba tungelala vizuri.

Danson alipomaliza shule, mambo yakaanza. Aliitwa Taveta kwenye kazi ya karani wa duka, homa ikamwangusha Mwatate, akarudishwa amebebwa. Aliitwa tena, safari hii Voi, na mbele ya mzungu Kiingereza chake chote kikapotea. Kijana aliyekuwa akituchosha kwa Kiingereza hata akiomba chumvi! Mama, ambaye ni mtu wa kanisa kweli kweli, aliendelea na sala zake. Lakini nilimwona akiangalia nyumba ya babu.

Niseme ukweli, shule zenyewe za wakati ule zilikuwa chekeche. Chekeche ya kwanza ilikuwa darasa la nne. Hapo ndipo nilipodondoka mimi pamoja na karibu darasa zima, nikijua kusoma Biblia, kujumlisha, na kudarizi kitambaa cha meza, na meza yenyewe hatukuwa nayo. Waliobaki walifundishwa mito ya Uingereza na kuona haya ya jembe. Ya pili ilikuwa darasa la nane. Ukitoka hapo shule za mbele zimejaa, kazi za kalamu ni za kutafuta kwa tochi, na jembe umeshafundishwa kulidharau. Nchi nzima ilikuwa ikingoja vijana wake waijenge, na vijana wamekaa barabarani wamepaka viatu rangi. Nilikuwa nikiwaona, na nilikuwa nakasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Kampuni ya mkonge niliyokuwa nikiianikia nyuzi ilikuwa na ofisi Voi, nayo ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa makarani. Wa nyuma ulikuwa wa wakata mkonge, na huko hawakuulizi darasa, wanakupa panga. Baba yetu aliingia kwa mlango wa nyuma. Mwiba wa mkonge ukamchoma jicho, akawa na jicho moja, kisha mguu ukaoza, kisha tukamzika. Sasa walikuwa wanatafuta karani mmoja wa kufundishwa, mmoja tu, na mama alikuwa ameshaapa kwamba Danson akikosa hii hataweza kumzuia tena asizunguke nyuma. Hiyo ndiyo hofu iliyompeleka kwa babu na kikombe cha maji mkononi.

Babu aliyakataa maji.

"Maji ni ya ugomvi mdogo," alisema, akaenda mwenyewe kuleta kibuyu.

Basi funda lilikaa mdomoni mwake, likakaa. Mwishowe alipiga hatua moja, akampulizia Danson kifuani. Pombe ikalowesha shati kuanzia kola mpaka tumboni.

"Nenda," babu akasema. "Hasira niliyokuwa nayo imetoka. Usiifue nguo hii mpaka urudi."

Mama alilia kwa furaha. Nami nilifurahi, kwa muda wa kushuka mlima tu.

Tulipanda lori la mboga, tukakaa juu ya makabichi. Huku juu kulikuwa na baridi na shati lilikauka bila neno. Lakini tulipopita Mwatate jua likaanza kuwaka, na kufika Voi, kwenye joto lile la vumbi jekundu, shati likaamka. Lilinuka kama kilabu siku ya mshahara. Mtu aliyekaa karibu nasi alimwangalia Danson, akaniangalia mimi, akasogea.

Uani mwa ofisi vijana walikuwa wamejaa, kila mmoja na cheti chake cha darasa la nane. Obadiah, jirani yetu aliyesoma na Danson, alikuwepo pia. Karani mkuu, Bwana Ndambuki, Mkamba mmoja mwenye tai na sauti kavu, alisimama mlangoni.

"Bwana meneja hapendi maneno mengi," alisema. "Juzi kijana alikuja hapa ananuka pombe, nikamfukuza kabla hajasalimia. Anayekosa azunguke nyuma, kazi ya panga iko."

Nikamvuta Danson hadi kwenye bomba kando ya ua. Nikalowesha pembe ya leso yangu. Alinishika mkono kwa nguvu hata nikaumia.

"Dada, usiguse."

"Danson, unanuka! Hutafika hata mezani!"

"Ukiifuta, hasira imerudi. Unataka irudi?" Midomo yake ilikuwa myeupe. "Taveta unaikumbuka? Ule ulimi wangu unaukumbuka?"

"Si wewe uliyeandika kwamba ni ujinga?"

"Niliandika," akasema. "Wacha nguo yangu."

Miaka minane walimfundisha kucheka, na hofu ilikuwa palepale walipoikuta. Nilibaki na leso inayodondoka maji. Nami pia sikuthubutu kumfuta, tena mimi ndiye niliyekuwa na hasira na mambo haya yote.

Jina lake lilipoitwa nilikwenda kusimama chini ya dirisha, na Obadiah, ambaye alikuwa ameshaulizwa na kuambiwa asubiri, akasimama kando yangu. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisikia Bwana Ndambuki akipumua kwa pua, mara mbili, halafu akisema kitu kwa mzungu, haraka haraka. Mzungu akauliza swali moja fupi. Hata mimi wa darasa la nne nililielewa: alitaka kujua mbona anakuja kwake akinuka pombe.

Nikaomba. Sikujua naomba kwa nani, kwa Mungu wa mama au kwa mafuvu ya babu.

Danson alijikwaa. Neno moja, kimya, neno moja. Ulimi ulikuwa unakufa tena, nilikuwa nausikia ukifa. Halafu ghafla maneno yakatoka moja kwa moja bila kusita, yakipanda na kushuka, na mimi nikayajua. Nilikuwa nimeyamenyea viazi mwaka mzima. Ilikuwa ile insha. Ile ile, ya mzee anayetema pombe kama mtoto, ya pango, ya tarehe. Maneno ya kueleza kutasa kwa Kiingereza alikuwa nayo hayo tu. Shule haikumpa mengine.

Mle ndani mzungu akacheka. Alicheka kwa moyo wote, na Bwana Ndambuki akacheka nyuma yake kwa adabu.

Obadiah aliniangalia. Hakucheka.

Kazi alipata Danson. Alitoka nje akiwa amenyooka, akaambiwa aanze Jumatatu kwa mlango wa mbele, na wenzake wakaelekezwa nyuma. Sikupiga vigelegele. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi kama amegusa jiwe la mtoni.

Kwenye lori la kurudi Obadiah alikaa mkabala nasi. Hakuwa amezunguka nyuma. Alisema anakwenda kwanza kumuaga mamake. Lori likaanza kupanda mlima.

"Obadiah," nikasema, "yale uliyoyasikia, tafadhali."

"Sitasema kitu, Peris," alijibu polepole. "Lakini mzee akiniuliza mimi mwenyewe, unataka nimdanganye mzee?"

Danson hakuinua kichwa. Kila kona ya barabara nilikuwa nikiona kama lori litatutupa bondeni, na nilikuwa najiambia kwamba ni ujinga, hasira imeshatoka, shati ni ushahidi, linanuka bado.

Babu alikuwa akitungoja pale njia inapovuka mfereji wa maji, na kibuyu chini ya kwapa. Mama alikuwa nyuma yake. Alipoona uso wangu na kusikia neno "amepata", alipiga kelele mpaka majirani wa ng'ambo wakaitika. Babu alimsogelea Danson, akainama, akanusa shati.

"Hukuifua," akasema. Sikuwahi kumwona na uso laini vile. "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa niambie. Walikuuliza harufu hii ni ya nini?"

"Ndiyo, babu."

"Nilijua watauliza. Ndiyo maana nilikataa maji." Akafungua kibuyu. "Ulinisema mbele ya watu kwa lugha yao. Nikaona ni haki unisafishe kwa lugha hiyo hiyo, mbele ya mkubwa wao. Nilitaka umwambie mimi ni nani. Haya, niambie ulivyonieleza kwake, nami nitatasa tena kwa shukrani."

Akachukua funda, mashavu yakatuna, akangoja.

Mama alikuwa anatabasamu, hakujua kitu. Nilimbana Danson ubavuni. Danganya, nilikuwa nikimwambia moyoni, mara moja hii tu, danganya! Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Ule ulimi uliotiririka mbele ya mzungu haukuwa na hata neno moja la Kidawida la kumpa babu yake. Akaangalia viatu vyake.

Babu alimtazama muda mrefu. Kisha akageuza macho kwa Obadiah, aliyeshuka nasi, na Obadiah naye akaangalia chini.

Tabasamu la mama likaondoka. "Baba," akasema, "tema. Nakuomba, baba, tema."

Nililiona koo la babu likipanda, kisha likashuka. Alifunga kibuyu, akatupita, akaenda nyumbani kwake.