Bawa la Kushoto

Mume wangu Philbert alinioa mimi kwanza, kisha akaoa ndege. Nikiwa mbele za watu nasema hivyo kwa utani, na watu hucheka. Nyumbani si utani. Huyo bibi mdogo alikuja akiwa vipande vipande ndani ya makasha ya mbao, akalazwa katika banda letu la kukamulia ndizi, na tangu siku hiyo tunakamulia ndizi zetu uani, kwenye jua na mvua.

Makasha yalikuwa ya daktari mmoja mzungu aliyezungukia zahanati za Ngara na Biharamulo kwa kindege chake. Kindege kikimsumbua alimtafuta Philbert, ambaye siku zile alikuwa fundi wa malori pale Lusahunga. Daktari akaagiza ndege mpya ya kuunga mwenyewe, ya matairi manene, inayoweza kutua popote penye nyasi na vichuguu vidogo. Kabla hajafungua hata kasha moja akaugua, akarudi kwao, akafia huko. Makasha akamwachia Philbert, pamoja na kitabu cha maelekezo kinene kama misale ya padri.

Mtu mwingine angeyauza. Philbert aliacha malori, akarudi kijijini kwetu Kibimba, akaanza kuunga. Binti yetu Jovina alikuwa darasa la nne, akimshikia baba yake tochi. Sasa Jovina ni rubani, anapeleka watalii mbugani kutoka Mwanza, na mimi nimeshastaafu ualimu. Miaka hiyo ihesabuni wenyewe, mimi nimechoka kuihesabu.

Nimechoka kweli, wala sioni haya kusema. Kile kitabu nilikisoma mimi, kwa sababu Kiingereza cha Philbert ni cha maboksi ya vipuri. Nilikuwa nasoma sentensi, naigeuza Kiswahili, naye anasema, "Rudia, Mwalimu." Nimerudia mpaka nikawa naota skrubu. Wenzangu waliostaafu nami wamefuga kuku, wamezunguka kwa wajukuu. Mimi najua bawa la ndege lina mbavu ngapi, na sijui hata maarifa hayo nitampelekea nani.

Hata hivyo mifupa ilikamilika. Mkaguzi wa ndege akaja akaikagua ikiwa uchi, akaridhika, akasema tuivike. Baadaye kibali cha majaribio kikatoka, rubani akae peke yake ndani, asiende mbali. Philbert hakuwa na leseni ya kurusha hata tiara. Rubani alikuwa ni Jovina, mtoto wangu wa pekee.

Kuivika ndege si kazi ngumu kwa mtu aliyewahi kupiga pasi sare za shule. Kitambaa kinabandikwa kwa gundi juu ya mbavu, halafu kinapitishwa pasi. Joto linakifanya kijikaze mpaka kinalia kama ngoma. Kitabu kilisisitiza jambo moja: joto lipimwe, liwe sawa kila mahali, maana kikijikaza zaidi upande mmoja kinavuta mbavu na bawa linajipinda. Bawa la kulia Philbert alilinyoosha mwenyewe kwa pasi ya umeme, taratibu, huku akipima joto kwa kipimo alichoagiza Mwanza.

Ikafika siku ya bawa la kushoto, na umeme haukuwepo. Angengoja tu. Lakini alikuwa ameshawaita majirani waje wasaidie kugeuza na kunyanyua, na wito wa kazi huku kwetu haurudishwi. Wamekuja, ndizi zimepikwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeiva, utawaambia nini? Scolastica, jirani yetu wa bondeni ambaye alipiga pasi kanzu za mapadri kule Rulenge tangu usichana wake, akatazama lile bawa akasema, "Mzee Philbert, kwani mkaa umeisha Ngara?" Akina mama wakaenda kuchukua pasi zao za mkaa. Walirudi wanaimba.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilipopeleka chakula niliwakuta wamelizunguka bawa, kila mmoja na kipande chake na moto wake, Philbert amesimama pembeni anatabasamu. Nikafikiri amefurahi.

Ninyi msiotoka huku nawaeleza. Majirani wakikulimia shamba, kazi yao hairudiwi. Hata wakiacha magugu, unayaacha yaote. Ukishika jembe ukapita walipopita, umewaambia mbele za watu kwamba mikono yao haina faida, na siku ya msiba wako usishangae kukaa na maiti peke yako. Kwa hiyo Philbert alilipaka bawa rangi kama lilivyo, akalifunga, akanyamaza.

Jovina alipata likizo mwezi wa sita, nyasi zikiwa zimekauka. Kiwanja cha zamani alichokuwa akitulia daktari hapa kijijini tukakifyeka, tukahamisha ng'ombe wa watu. Siku ile Kibimba nzima ilikuwa pale. Akina mama wa pasi walikuja na vitenge vya sare, Scolastica mbele, maana ndege ilikuwa yao pia.

Jovina alipanda, akafunga mkanda, akaniangalia, akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka. Pangaboi likazunguka, vumbi likatupiga, ndege ikaenda ikirukaruka kama mbuzi, halafu kishindo cha magurudumu kikakatika. Ilikuwa hewani. Miaka yote ile nilikuwa sijaamini, na sasa naiona imepita juu ya migomba, nikasikia mtu anapiga kigelegele, kumbe ni mimi mwenyewe.

Kisha bawa la kushoto likainama. Watu walishangilia zaidi, wakidhani anacheza. Likainuka, likainama tena, chini kuliko mwanzo. Jovina hakwenda mbali. Aliizungusha nusu, akairudisha, akaitua kwa kishindo mwisho wa kiwanja. Aliposhuka alitabasamu kwa watu wote, akawapungia mkono, ila ovaroli yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni mpaka kiunoni.

Watu walikwenda uani kula. Sisi watatu tukaisukuma ndege mpaka bandani, Jovina akafunga mlango.

"Baba, inavuta kushoto. Nimeishika kwa mikono miwili."

"Upepo," Philbert alisema.

Jovina hakubisha. Alivuta uzi kutoka ncha ya bawa mpaka kiunoni mwa ndege, akatuonyesha. Sikuhitaji kitabu. Ukingo wa nyuma wa bawa ulikuwa umejikunja kama mkeka uliosahauliwa juani.

"Hili bawa lilipigwa pasi na nani?"

Philbert akaanza kuukunja ule uzi. Nikamtazama, na hapo ndipo nilipoelewa lile tabasamu la siku ile. Alikuwa amejua. Alisimama akatabasamu huku anajua, na akampandisha mwanangu.

"Nitafunga kibati kidogo nyuma ya bawa," akasema mwishowe. "Kitalisukuma, litakaa sawa. Kesho utapaa juu vizuri, mpaka waione Rulenge."

"Kibati kinasaidia fremu iliyonyooka, baba. Na kama kitambaa kimeungua mahali, kinaweza kuchanika hewani. Tukibandue, tuanze upya upande huu."

Philbert alikaa juu ya kasha. Nimemwona na homa, nimemwona siku aliyomzika mama yake, lakini sikuwahi kumwona amechoka vile. "Kubandua," akasema. "Wakiwa hapo nje wanakula? Akina mama wale wametembea na makaa ya moto toka bondeni. Nitawatazamaje? Sina nguvu ya kuanza upya, mwanangu. Na sina uso wa kuwaambia. Kesho, na kibati."

Jovina aliinamisha kichwa. "Sawa, baba."

Nilimfundisha Jovina madarasa mawili, tena nilimzaa. Naijua hiyo sawa yake. Ni ile aliyoitoa akiwa na malaria nikamwambia aende shule, akaenda, akarudishwa amebebwa. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia joto masikioni. Nilikuwa nimekasirikia ndege, nimemkasirikia Philbert, nimekasirikia pilau inayoliwa uani na kicheko cha watu. Kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa dirishani. Nikakichukua.

Nataka mjue kwamba hakuna mtu katika nyumba ile aliyetaka kazi iishe kuliko mimi. Nilijua ninachokikata. Nilikuwa nakata msimu mwingine wa gundi, wa kipimo cha joto, wa "Rudia, Mwalimu." Kitambaa kilikuwa kimekazwa mno hivi kwamba ncha ya kisu ilipoingia kilipasuka chenyewe kwa mlio mkubwa, kikafunguka kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Theodosia," Philbert alisema, "umenivua nguo mbele za watu."

"Bora uvuliwe wewe kuliko mimi nivalishwe nyeusi."

Mlio ule ulisikika uani. Mlango ukafunguliwa, Scolastica akaingia akiwa bado na mfupa mkononi, wenzake nyuma yake. Wakaona bawa, wakaona kisu, wakaniona mimi.

"Mama Leonidasi," nikamwambia Scolastica, "kazi yenu nimeikata mimi. Si Philbert, si mtoto. Pasi za mkaa zimepinda bawa, na ndege nusura ianguke leo. Mkitaka kumchukia mtu, nichukieni mimi."

Scolastica aliweka mfupa chini, akafuta mkono kwenye kitenge, akasogea. Aliinua kile kitambaa kilichochanika, akakitazama upande wa ndani ambako rangi haikufika. Kulikuwa na doa la kahawia, ukubwa wa kitako cha pasi. Akaliwekea kidole.

"Hili ni la pasi yangu," akasema. "Makaa yalikuwa yamekolea. Niliona kitambaa kinabadilika, nikamtazama mzee. Alikuwa anatabasamu. Nikasema, kama mwenye kazi ameridhika, mimi nani nimwambie kazi yake imeungua? Ningemwaibisha kwake, mbele ya wageni wake."

"Na leo alipokuwa anapanda?"

"Leo nimesali, Mwalimu. Nimesali rozari nzima."

Sikujua nicheke au nimpige. Mwanangu alikuwa juu angani amelishika bawa kwa mikono miwili, na huku chini mmoja anatabasamu kwa adabu na mwingine anasali kwa adabu. Nikamwangalia Scolastica, mwanamke mwema aliyenilelea Jovina nilipokuwa kazini, nikaona machozi yanamlengalenga. Alimgeukia Philbert akasema, "Mzee, ungetuambia." Philbert akajibu, "Na wewe ungeniambia."

Akina mama walirudi uani polepole. Hawakuimba, lakini hawakuondoka pia. Nilisikia sahani zinaanza kulia tena, nikajua msiba wangu utakuwa na watu. Philbert akainuka kwenye kasha, magoti yakamlia, akashika ncha ya kitambaa akaanza kukibandua ubavu mmoja baada ya mwingine, bila kunitazama. Nikakaa pale alipotoka yeye.

Jovina alikuja akakaa karibu nami. Alinukia petroli na jasho. Nikamshika mkono, nikaona viganja vimechubuka kwa kuvutana na usukani.

"Wewe umesomea haya," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ulijua kuliko sisi wote. Uliposema sawa, ulikuwa na mpango gani? Kesho ungetoa sababu gani ya kutopaa?"

"Sikuwa na sababu, mama."

"Ungepaa?"

"Baba alikuwa ameshasema."

Alilisema hilo kwa upole, ameinamisha macho, kama nilivyomlea.