Shavu la Kushoto

Jumanne ya tarehe kumi na nne Novemba, saa kumi na dakika arobaini na moja za jioni, na fomu inafungwa saa kumi na moja kamili, kwa hiyo zimebaki dakika kumi na tisa, Namuun ameshazihesabu mara tatu kana kwamba zikihesabiwa vizuri zitaongezeka, na swali ni lile lile, viduara viwili, cha juu “Chuoni”, cha chini “Mtandaoni”, chagua kimoja tu, Shahada ya Teknolojia ya Habari, miaka mitatu, masomo ishirini na manne, anayajua yote kwa majina na namba zake, hifadhidata, usalama wa mifumo, masomo ni yale yale juu na chini, walimu wale wale, cheti kile kile, hakitaandikwa popote kwamba mwenye nacho alisomea kitandani, ghorofa ya nne, Ulaanbaatar, nyayo zikiwa zimegusa bomba la joto, yule dada wa ofisi ya wakala alimwapia, hakiandikwi mdogo wangu, nani atajua, na Namuun akataka kumwambia kwamba mama atajua, mama ataona kila asubuhi, lakini hayo si mambo ya kumwambia mtu aliyevaa kitambulisho shingoni... jikoni ubao unagongwa, mama na mama mdogo Tungaa wanafunga buuz, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, nyama ya kondoo imeshasagwa, vitunguu vimeshakatwa, harufu imepita chini ya mlango, na mama mdogo anasema, “Hiyo yako imeachama, dada, itamwaga mchuzi wote kwenye mvuke,” na mama anajibu, “Afadhali iachame. Zako zimefumba kama mdomo wa karani wa ubalozi,” wakacheka, wote wawili, wanaweza kucheka kuhusu ubalozi sasa, imepita miezi tisa, Namuun bado hawezi, anaitazama tena ile orodha yake ya vyuo, vyuo arobaini na kimoja, safu kumi na moja, safu ya kutambuliwa na wizara, safu ya kiwango cha lugha, safu ya saa za vipindi, na hapa Perth, huko Australia, imeshinda vyote, kwa sababu Perth na Ulaanbaatar saa zao ni zile zile, kasoro ya dakika hata moja hakuna, hatalazimika kuamka usiku wa manane kumsikiliza mwalimu, wenzake watakuwa ufukweni na yeye atakuwa ndani ya moshi wa makaa, lakini itakuwa saa tatu huko na saa tatu hapa, aliliona hilo kuwa jambo kubwa alipoligundua, alikaa nalo siku nzima kama mtu aliyeokota kitu, jioni likaisha utamu, saa zile zile si mahali pamoja... na iko safu ya kumi na mbili ambayo hakuipa kichwa, safu ya hapana tupu kuanzia juu mpaka chini, yeye peke yake ndiye anayejua inauliza nini, inauliza, utaondoka... “Safari hii nitakwenda kwa lama mwingine,” mama anasema huko jikoni, lama ndiye mtawa wa Kibudha anayewasomea watu siku njema za safari, “yule wa kwanza macho yake hayasomi tena vizuri,” na mama mdogo, “Lama hakukosea siku. Mwambie tu safari hii kwanza awaulize ubalozi siku yao,” na mama, “Usicheke na mambo hayo, Tungaa,” kwa hiyo mama bado anajua kwamba Februari kuna kwenda, maombi mapya, Namuun alimwambia hivyo tu, maombi mapya, na maneno hayo mawili yote ni kweli, aliyachagua kwa uangalifu, jinsi anavyochagua kila kitu, kiduara cha chini hakukitaja... Februari iliyopita ndege ilikuwa tarehe kumi na saba, viza ilikuwa bado, ila kila mtu alisema inakuja, na lama akafungua kitabu chake akasema tarehe kumi na saba ni mbaya kwa aliyezaliwa mwaka wa nyoka, aondoke tarehe tisa, basi begi likatolewa nje ya nyumba tarehe tisa kama watu wengi wafanyavyo, alfajiri ya Alhamisi, baridi ya kukata masikio, akakae kwa mama mdogo mpaka siku ya ndege, ili mguu uwe umeshatoka siku njema, mama akasimama kando ya gari na kijiko chake cha mbao chenye vishimo tisa, akarusha maziwa kuelekea huko aendako, baraka ya safari, yakaganda kwenye kioo cha nyuma matone meupe meupe, halafu akamshika uso kwa mikono miwili akambusu shavu la kulia, la kulia peke yake, akasema la kushoto nakuwekea, utalikuta ukirudi, na Namuun aliona aibu mbele ya dereva... zimebaki dakika kumi na moja... barua ya ubalozi ilikuja Jumatatu, tarehe kumi na tatu, aliisoma sebuleni kwa mama mdogo akiwa amelikalia begi lenyewe, sentensi moja tu ndiyo yenye uzito, haturidhiki kwamba mwombaji atarejea nchini kwake, na ilipofika Juni ombi la pili likarudishwa na sentensi ile ile, hata koma haikuhama, mtu ambaye mama yake amemwekea shavu nyumbani anaambiwa hatarudi, angewaandikia nini, kuna kisanduku gani cha kuambatisha shavu... siku ile ya barua ya kwanza aliburuta begi mpaka juu, lifti ilikuwa mbovu, ngazi sitini na nne, mama akafungua mlango, na Namuun akageuza uso akampa shavu la kushoto, hakufikiri, uso ulijigeuza wenyewe, na mama akarudi nyuma hatua moja, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa zawadi iliyo kubwa mno kwake, “Hujaenda, binti yangu. Usipokwenda hurudi. Acha likae,” na tangu siku hiyo limekaa, siku yake ya kuzaliwa mama alimbusu nywele, alipougua Aprili alimbusu kiganja, upande wa kushoto wa uso wake umekuwa kama sahani ya mgeni ambayo hakuna anayeruhusiwa kuitumia... “Na asipokwenda tena?” ni mama mdogo, kwa sauti ya chini, ila mlango ni mwembamba, na ubao jikoni umenyamaza, “Asipokwenda?” mama anasema, “Nitangoja. Shavu si maziwa, halichachi,” na ubao unagongwa tena... halichachi, miaka mitatu, masomo ishirini na manne, kila asubuhi binti atatoka chumbani hadi mezani na kutoka mezani hadi chumbani, na mama atangoja aende, kisha cheti kitaletwa na mtu wa posta, atasaini mlangoni, na mama atauliza, sasa unakwenda lini, Mungu wangu, hatakwenda, si Februari, si mwaka wowote, akichagua cha juu ni barua ya tatu na sentensi ile ile, asipochagua ni kuendelea na kazi yake ya kuuza dawa za mafua kwenye dirisha la duka la dawa mpaka azeeke, analiona sasa bila kuhesabu safu yoyote, hakuna kwenda, jambo hilo lilikwisha siku ile amelikalia begi, yeye ndiye aliyekuwa bado akiliita utafiti... dakika sita, anabofya cha chini, “Mtandaoni”, na chini yake linajifungua swali ambalo halikuwapo, “Je, kwa sasa uko nje ya nchi?” anasoma mara mbili, nchi wanayosema ni yao, ndiyo maana yake, kwao hapa ni nje, kitanda hiki, bomba hili la joto, harufu hii ya kondoo, vyote viko nje, na chuo hakitaendelea kumsikiliza mpaka akiri, kwa hiyo anakiri, “Ndiyo”, na kisanduku kinageuka kijani bila kumuuliza alitoka siku gani na kwa mguu upi, imeandikwa, inakubalika, Namuun yuko nje ya nchi... “Chai yako inapoa,” mama anaita, “au huko mnakunywa baridi?” na mama mdogo anacheka, na Namuun anasema, “Nakuja, mama,” halafu hainuki, anatazama neno lile, ndiyo, kama yuko nje basi alikwenda, karatasi imesema, karatasi ya nchi ile ile iliyosema hatarudi, na aliyekwenda... anabofya “Wasilisha” saa kumi na dakika hamsini na saba, kiduara kinazunguka, dirisha limeota majani ya barafu pembeni, jikoni ubao unagongwa, hakuna kilichobadilika.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na robo, alivaa koti na buti, akalivuta lile begi la Februari kutoka chini ya kitanda, likiwa tupu, akashuka nalo ngazi sitini na nne, akazunguka jengo mara moja katika moshi, akapanda tena, akabisha hodi ilhali ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mama alipofungua, mikono yake ikiwa na unga, Namuun aliliweka begi chini, akavuta kofia juu ya sikio, akageuza uso akampa shavu la kushoto.