Kirapo cha Majivu

Pekeshe wa Mangi hakuwa mganga. Baba yake hakuwa mganga, na babu yake, aliyeuhamisha ukoo kutoka Kaloleni kuja kulima ukingoni mwa mto Tana karibu na Garsen, alikuwa mgema hodari, basi. Alichokuwa nacho Pekeshe ni mdomo. Na mdomo, Mungu akikupa mtamu, hukulisha vizuri mpaka siku utakapokugeuka.

Kazi yake ilikuwa kulinda gari. Kila kiangazi alikuja Mzungu mmoja mwindaji, ambaye watu wa Garsen walimwita Bwana Miwani, akaingia na Landrova yake katika nyika kavu upande wa machweo kutafuta ndovu. Ndovu hafuatwi kwa gari vichakani. Kwa hiyo Landrova iliachwa chini ya mgunga, Bwana Miwani akaenda kwa miguu pamoja na Jarso, Mworma mwenye macho ya kusoma nyayo, na Pekeshe akabaki na vitu: turubai, jeki, spana, madebe ya petroli, blanketi, sanduku la risasi, na ule mfuko mnene wa maji unaoning'inizwa mbele ya gari ili upepo uyapoze.

Wewe unayesema kulinda gari ni kazi ya kivivu, nenda ukakae peke yako chini ya mgunga jua la saa saba. Msimu uliotangulia usingizi ulimpitia Pekeshe, na alipoamka turubai halikuwepo, spana hazikuwepo, na mfuko wa maji ulikuwa umenywea kama chuchu za mbuzi mzee. Bwana Miwani alitweta kwa hasira.

"Kama risasi napotea, mimi nafungwa, wewe nanyongwa," alisema. "Safari ingine kitu moja naibwa, hapana kazi."

Hayakuwa maneno ya kutisha watoto. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na ingawa vita vya msituni vilikuwa mbali sana na Garsen, risasi zilizopotea zilimtia mtu kitanzini popote alipo. Pekeshe alirudi nyumbani akiwaza, na kabla ya ugali kuiva alikuwa ameshapata dawa.

Wagiriama, watu wa kabila la Pekeshe, wana ulinzi wao wa mali, uitwao kirapo. Mwenye shamba humwita mganga, mganga hufunga kuti kwa mafundo na maneno, na kuanzia hapo atakayegusa mali ile tumbo litamvimba. Hakuna wa kukitegua ila yule yule aliyekifunga. Shamba lenye kirapo halihitaji mbwa wala ua. Lakini kirapo cha kweli kina masharti: mganga wa kweli, mbuzi mweusi, na siku ya kunuiza. Pekeshe hakuwa na subira ya masharti. Alikata kuti changa la mkoma, mti wa jamii ya mnazi, akalipiga mafundo, akafungia pande la kaptula yake kuukuu, akalipaka majivu kutoka meko ya mkewe Mbodze. Walipofika nyikani akalining'iniza mbele ya gari, juu ya mfuko wa maji, na wapita njia walipokuwa wakitazama akanuiza kwa sauti: "Atakayegusa chuma, atakayegusa nguo, atakayegusa hata maji!" Yaliyofuata aliyanong'ona haraka haraka, na yalikuwa majina ya shangazi zake.

Kikafanya kazi! Msimu mzima haikupotea hata nati. Wagiriama na Wapokomo walilizunguka gari kwa mbali, na wafugaji wa Kiorma, ambao walisema dini yao haiwaruhusu kuogopa makuti, walipita mbali vilevile, kwa adabu tu. Bwana Miwani akafurahi, akamwongezea Pekeshe blanketi. Naye Pekeshe, pombe ya mnazi ikishamkolea, akawa anasimulia habari za mtu wa Chewele aliyeiba jeki akavimba mpaka akashindwa kupita mlangoni. Mtu huyo hajapata kuzaliwa.

Aliyesikiliza kuliko wote ni Iha, mdogo wake. Baba yao alikufa Iha akiwa bado mchanga, kwa hiyo neno la Pekeshe kwake lilikuwa ni neno la baba. Jioni moja penye mnazi alimuuliza, "Kaka, na mimi je? Nikigusa mimi nduguyo?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Pekeshe akatikisa kichwa kwa uzito. "Kirapo hakijui ndugu."

Walirudi nyumbani wawili peke yao, na njia nzima Pekeshe alikuwa na nafasi ya kumwambia, wewe nawe, yale ni majivu. Hakumwambia. Kuaminiwa kuna utamu wake, na yeye alikuwa hajapata kuaminiwa na mtu kiasi kile.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, vuli ikiwa imepita bila kudondosha tone. Pekeshe aliondoka na safari akimwacha Mbodze mjamzito, moyo ukimdunda, kwa maana mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Gari likaegeshwa mbali kuliko miaka yote, katika nchi isiyo na kisima wala dimbwi. Akatundika kuti lake, akanuiza kama kawaida, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Siku ya pili Jarso alirudi akikimbia.

"Bwana naita wewe. Ndovu napigwa, lakini nakwenda na damu. Beba debe ya maji, beba panga."

"Na gari?"

Jarso akacheka. "Gari si iko na kirapo yako? Wewe mwenyewe nasema hakuna mtu nagusa."

Mtu aliyejisifu mwaka mzima hawezi kusema sasa kwamba gari linahitaji askari. Alijitwika debe moja, akauacha mfuko wa mbele umejaa, akamfuata Jarso. Ndovu yule aliwapeleka mbali sana. Walilala porini mara mbili, na walipomkuta ameanguka mchana ulikuwa umekwenda, wakalala tena hapo hapo.

Walipokuwa wanarudi, Pekeshe aliliona gari kwa mbali na mtu ameketi kwenye kivuli chake, mgongo umeegemea tairi la mbele. Mwizi, alidhani, akainua panga. Kisha akaona shati la buluu. Lilikuwa shati lake mwenyewe, alilompa Iha wakati wa mavuno.

"Iha! Unafanya nini huku, we Iha?"

Iha hakugeuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kucha zake zimejaa mchanga. Kibuyu kilikuwa mapajani, kikavu. Juu ya kichwa chake, pale ambapo angenyoosha mkono tu akaufikia, ulining'inia mfuko wa maji, bado mzito, bado umelowa kwa nje.

Jarso alizisoma nyayo, kwa sababu ndiyo kazi yake na hakujua afanye nini kingine. Iha alifuata alama za magurudumu kutoka barabarani, akasema Jarso. Alilizunguka gari, tena na tena. Alikwenda kwenye laga, mto wa mchanga ulio karibu, akachimba kwa mikono mpaka kwenye viwiko, asipate unyevu. Alirudi akaketi kumngoja mwenye gari.

"Hajagusa," alisema Jarso polepole. "Hata kamba hajagusa."

Pekeshe alilinyofoa lile kuti kwa mikono miwili, akalitafuna kwa meno kama mwendawazimu, akaufungua mfuko akammwagia ndugu yake maji usoni, kifuani, mdomoni. Maji yakateremka yakaingia mchangani. Alilia kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Bwana Miwani alivua kofia. Akalizunguka gari, akalichungulia nyuma, na kwa mazoea akasema, "Kila kitu iko." Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaona haya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuipita ile ya siku hiyo.

Landrova ilipoingia kijijini wanawake walitoka na vigelegele, Pekeshe asielewe. Mbodze alikuwa amejifungua, mtoto wa kike, mzima. Iha ndiye aliyekataa habari ingoje. Aliwaambia, mimi nitampelekea kaka, nataka niuone uso wake akisikia. Akachukua kibuyu akaondoka siku hiyo hiyo. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja kila aliyelikaribia gari alipoona kilicholala chini ya turubai.

Wakamzika kabla ya jua kutua. Watu walipoketi matangani, mama yao, ambaye hakuwa amelia bado, alimwita Pekeshe mbele yake. Mbodze alikuwa kwenye mkeka kando na mtoto kifuani. Wazee walikuwepo, na wale majirani waliozoea kunywa mnazi na kumcheka yule mtu wa Chewele.

"Mwanangu," mama alisema, "nataka kujua jambo moja. Kile kirapo kilikuwa na nguvu?"

Pekeshe alifungua mdomo, na ule mdomo wake mtamu ukawa mkavu. Ukweli ulikuwa pale, mfupi, rahisi. Lakini aliutazama uso wa mama akaona ukweli ule utamfanya nini. Iha amekufa kwa kuogopa majivu. Amekufa maji yakiwa juu ya kichwa chake, kwa ajili ya pande la kaptula, na kesho watu wangesema maskini, alikuwa mjinga. Kwa nguvu za kirapo angekuwa amekufa mtu mwenye heshima, aliyejua mali ya watu haiguswi. Kwa majivu angekuwa amekufa bure.

"Kilikuwa na nguvu, mama," alisema. "Angeyanywa yale maji, angekufa kifo kibaya zaidi."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Basi mwanangu alifanya vyema," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Watu waliinama. Waliokuwa wameketi karibu na Pekeshe walisogea kidogo, mmoja akavuta mguu, mwingine akavuta kigoda chake, bila kumtazama. Mzee mmoja alisema itabidi watafute wa kumtakasa, kwa maana mkono uliofunga kitu cha kuua ndugu si mkono wa kushika chochote.

Pekeshe aliinuka akaenda kwenye mkeka. Alikuwa hajamwona mtoto bado. Alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

Mbodze alimtazama mikono, kisha usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa huruma na hofu kwa pamoja. Akamfunika mtoto kwa leso yake, akamgeuzia upande wa ukuta.

"Baadaye, mume wangu," alisema. "Mpaka wakutakase."

Pekeshe akairudisha mikono, akaiweka mapajani. Angeweza kusema neno moja tu, majivu, akapewa mwanawe. Mama yake alikuwa anamlilia Iha pale pale, analia vizuri, kama mtu aliyezaa mtu. Hakulisema.