Gurudumu Juu ya Meza ya Verlene

Coy Ledbetter alilivunja gurudumu Jumatano, akivuka kijito ambacho hata ndama hukivuka bila kufikiri. Alikuwa anajionyesha, hilo halina ubishi. Baba mkwe wake, mzee Dub Stroud, alikuwa amemkabidhi gari la jiko, lile la mbao linalokokotwa na farasi, kwa mara ya kwanza, maana mgongo ulikuwa umemgomea, na Coy alitaka farasi wavuke mbio, maji yaruke, mkewe aone.

Tansy aliona. Aliona gurudumu la nyuma likigonga jiwe, spoki zikitawanyika kama njiti za kiberiti, na gari zima likikaa upande kama ng'ombe aliyechoka safari.

"Umeumia?" aliuliza kutoka ukingoni.

"Hapana."

"Basi ngoja Baba aje."

Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano. Kila ukoo huleta gari lake la jiko uwanjani, hupika nyama, maharage na mikate ya chachu kwenye vyungu vya chuma, kama walivyopika wazee waliofuata makundi ya ng'ombe kwenda kaskazini. Lakini kabla chungu hakijapanda motoni, waamuzi hulizunguka gari lenyewe, wakigusa kila msumari kuona kama ni wa enzi zile. Gari la kina Stroud lilikuwa halijakosa hata mwaka mmoja. Sasa likosekane kwa ajili ya Coy, mtoto wa fundi bomba wa mjini Lubbock, mkwe wa juzi tu? Alijua hadithi hiyo ingeliwa pamoja na bata mzinga kila Krismasi mpaka siku ya kumzika.

Dub alifika akichechemea. Alizitazama spoki zilizokuwa zikielea, akakohoa.

"Hili hata halikuwa la gari hili," alisema. "Nililiokota kwa jirani. Jembamba. Waamuzi wametukata alama kwa ajili yake tangu Tansy hajazaliwa."

"La kwake liko wapi, Baba?" Coy aliuliza.

Mzee aliitazama nyumba kule kilimani, kisha akazitazama buti zake.

"Mimi nalala nyumba ile, mwanangu. Usiniulize."

Jibu lilimjia Coy wakati wa chakula cha jioni, viazi vikiwa mdomoni. Sebule ya mama mkwe wake, Verlene, ilisifiwa wilaya nzima. Ngozi ya ng'ombe wa madoadoa sakafuni, pembe ndefu juu ya meko, tandiko la kale kwenye kigogo, kamba ukutani imekunjwa vizuri kuliko kamba yoyote ya kazi. Na juu ya meza, kwa minyororo minne, ilining'inia taa yenyewe: gurudumu la mbao, balbu zimelizunguka, linang'aa kwa nta. Kwenye kitovu chake kulikuwa na alama ya kuchomwa, mwezi mwandamo juu ya mstari. Alama ya ng'ombe wa kina Stroud. Magurudumu matatu yaliyobaki kule kijitoni yalikuwa nayo vilevile.

"Mbona unatazama juu?" Verlene alimwuliza. "Chakula kiko chini."

"Natazama taa, Mama. Hili gurudumu ulilitoa wapi?"

Dub aligundua ghafla kwamba maharage yake yanahitaji uangalizi wa karibu.

"Ghalani."

"Ghalani lilikuwa peke yake, au lilikuwa chini ya gari?"

Tansy alimkanyaga mguu. Alikuwa amechelewa.

"Chini ya gari," alisema Verlene, akaweka uma. "Na gari lilikuwa limelala tu, hayo mashindano yenu hata hayajaanza. Dub alikuwa Amarillo kuuza ng'ombe. Mimi bibi harusi, nimeletwa kwenye nyumba ya mama mkwe, kila kikombe chake, kila pazia lake. Nikataka kitu kimoja humu kiwe changu. Aliporudi akaiona taa, hakusema neno." Akamgeukia mumewe. "Hukusema! Kila mwaka nawatukana waamuzi kwamba ni vipofu, na wewe umekaa pale unatafuna!"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Dub. "Na taa ilikuwa inaangaza vizuri."

"Mama, tunaliomba mpaka Jumapili tu," alisema Coy.

"Taa yangu haitoki."

Hapo damu ikamchemka kijana. Alisimama, leso bado iko kifuani.

"Mama, nyumba hii ina kamba isiyofunga ndama na tandiko lisilokaliwa na mtu. Sawa, yanapendeza. Yanamwambia mgeni kwamba humu wanaishi wachunga ng'ombe. Sasa Jumamosi watu wakiuliza wako wapi hao wachunga ng'ombe, tuseme nini? Wako nyumbani, wanakula chini ya gurudumu?"

Tansy alijifunika uso. Verlene alimtazama Coy kwa muda, kuanzia nywele hadi buti.

"Huyu ndiye uliyetuletea," alimwambia binti yake.

Kisha akavua viatu, akasogeza bakuli la maharage, akapanda mezani.

"Haya, nani anazima umeme? Au mnataka niwafie leo?"

Gurudumu lilishuka likilia kakakaka kama meno ya mtu mwenye baridi. Miaka yote ile karibu na joto la meko ilikuwa imelikausha, mbao zimesinyaa, pete ya chuma inacheza kama bangili. Dawa ya gurudumu kavu ni moja: kulizamisha majini mpaka mbao zivimbe. Walilitupa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, lakini maji yaliteleza juu yake kama juu ya bata, kwa sababu ya nta. Basi Verlene, aliyelipaka nta hiyo kila Jumamosi ya ndoa yake, akapiga magoti kwenye tope na brashi na sabuni, akaanza kuisugua huku ng'ombe wakishangaa.

"Mnatazama nini?" aliwafokea. "Mtakuwa zulia nyie!"

Ijumaa jioni Coy alilitikisa gurudumu kwa nguvu zake zote. Halikulia.

Uwanjani, mwamuzi mkuu aliinama kwenye kila gurudumu, na kwa mara ya kwanza akaona yote manne ni ndugu. Alitabasamu. Kisha kidole chake kikakwama upande wa ndani wa lile la nyuma.

"Hiki ni nini?"

Kishikio cha balbu. Kimoja kilikuwa kimesahauliwa. Coy alitamani ardhi immeze.

"Ni cha taa," Verlene alijibu kutoka motoni, unga mpaka viwikoni. "Kwani wazee wetu walikuwa wanaona gizani?"

Mwamuzi alicheka mpaka kofia ikaanguka, na bado akawakata alama moja. Wakawa wa pili, ndiyo nafasi nzuri kuliko zote walizowahi kupata.

Gurudumu lile la zamani lilibaki na gari. Juu ya meza Coy alitundika lile alilolivunja, limekosa nusu ya spoki, balbu zimekaa kombo. Wanawake wa kanisani walipokuja kunywa kahawa walilizunguka wakilisifu, mmoja akauliza linauzwa duka gani.

"Haliuzwi," alisema Verlene, akimsogezea Coy kipande kikubwa cha keki. "Mkwe wangu alilivunja kwa mkono wake mwenyewe."