Matoka ya Kilima cha Gakuru

Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekalia kilima chetu cha Gakuru, juu kidogo ya mji wa Kanja, na udongo ulikuwa umelowa mvua ya wiki mbili. Nilipiga magoti jikoni nikaomba, kisha nikaenda kwenye baraza la chifu.

Mzee Salesio, mwenyekiti wa kamati ya ardhi, alikuwa ameandika historia ya kilima, ili siku hiyo tuikubali. Ilisema ukoo wake ndio uliofyeka msitu kutoka mtoni hadi kwenye mwamba, na sisi wa nyumba ya Mbuthi tulikaribishwa baadaye, kulima tu. Tukiikubali, tungelazimika kuhama kutoka upande wa juu. Upande wa juu ndio shamba langu lote, pamoja na kaburi la mume wangu, Ndwiga.

"Mama Lorna, weka kidole hapa," alisema Salesio, akinisogezea wino. "Mvua inarudi."

"Kwanza nisome, mzee."

Watu wakacheka. "Darasa la gumbaru miezi minane, ameshakuwa wakili!" akasema Mithika, mpwa wa Salesio.

"Ni miezi kumi na minne ya kujifunza kusoma," nikamjibu. "Na kila jioni nikitoka darasani nilipita shambani kwangu. Niliona panga lako."

Nikasoma kwa sauti, polepole. Nilipofika palipoandikwa kwamba hapajawahi kuwa na mpaka kati ya mto na mwamba, nikamgeukia chifu. "Chifu, twende tukaangalie."

Tukapanda wote. Mwezi wa nane Mithika alikuwa amefyeka matoka, yale maua ambayo wazee wetu waliyapanda kuonyesha mpaka. Kwetu, anayeng'oa hata itoka moja hujiletea laana, kwa hiyo alikata majani tu. Mizizi ya maua hayo, iliyo kama vitunguu, ilibaki ardhini. Sasa, kwa mvua, yalikuwa yamechipua tena: mstari wa kijani ulipanda kutoka mtoni hadi kwenye mwamba, umenyooka kama uzi.

"Uliniambia yameisha!" Salesio akamfokea.

"Niliogopa kuchimba, mjomba."

"Historia hii haijakubaliwa," akasema chifu, akiikunja karatasi.

Nikasimama katikati ya matoka, viatu vimejaa matope.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote," nikasema, "naahidi: kidole changu hakitagusa wino tena. Historia ya kilima hiki nitaiandika kwa mkono wangu, na itaanzia hapa niliposimama."